Kiseme au Kipendeze

Msomaji anayetaka kupima ufundi wa kurejesha vitu vya kale asianze na maneno ya wauzaji wala ya wakusanyaji. Na aweke kitu kimoja mezani akitazame. Mimi nimeweka mezani kompyuta ndogo ya nyumbani iitwayo ZX Spectrum. Ni nyeusi, nyepesi, na ukubwa wake wakaribia daftari la shule. Ina vitufe 40 vya mpira wa kijivu, na pembeni mwake imepigwa mistari minne ya rangi kama kipande cha upinde wa mvua. Ilitolewa nchini Uingereza mwezi wa Aprili, 1982, na kampuni ya Clive Sinclair ya mjini Cambridge. Ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48 iliuzwa kwa paundi 175. Ami yangu, aliyekuwa baharia, aliileta Msambweni katika sanduku la nguo. Nyumba yetu wakati ule iliangazwa kwa kandili, na televisheni hatukuwa nayo. Basi kile kidude kilitazamwa, kikasifiwa, kikarudishwa sandukuni. Kililala humo miaka zaidi ya thelathini.

Naanza na habari hiyo ili nisimdanganye mtu. Mapenzi ya kompyuta za aina hii yamestawi Ulaya na Marekani, ambako watoto wa wakati ule walikua nazo. Commodore 64, iliyotoka mwaka ule ule wa 1982, iliuzwa zaidi ya milioni 10. Leo watoto wale ni watu wazima wenye mvi, nao wanazitafuta mashine zao vyumbani mwa mizigo, wanazifungua, wanazisafisha na kuzitia uhai. Kwetu pwani ya kusini mambo yalikuwa mengine. Ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga serikali ya Tanzania ilikwisha kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Na upande huu wa mpaka, ambako marufuku haikuwako, ukosefu wa umeme na wa fedha ulifanya kazi ile ile bila sheria. Kwa hiyo mtu wa Kwale akisema anairudia kompyuta ya utotoni mwake, aghalabu anatumia neno la watu wengine. Anayerudi mahali lazima awe amewahi kuwapo. Wengi wetu tunakutana na mashine hizi kwa mara ya kwanza zikiwa tayari vikongwe.

Walakini ufundi wenyewe si mgeni hapa. Upo siku nyingi katika vibanda vya mafundi wa redio. Nilikichukua kidude changu kwa fundi mmoja wa Ukunda, mzee ambaye kibanda chake kimejaa redio zilizovuliwa nguo. Hakuwahi kuona Spectrum. Aliigeuza, akaisikiliza kwa kuitikisa, kisha akaniuliza swali ambalo sijapata kulisoma katika maandishi ya wakusanyaji, ingawa lina thamani kuliko mengi waliyoyaandika: "Mwalimu, wataka kiseme au wataka kipendeze?"

Nilijibu kwamba nataka yote mawili. Akacheka. "Basi utalipa mara mbili."

Alipokifungua tuliona kazi ya miaka na ya hewa ya bahari. Chumvi na unyevu vilikuwa vimeila miguu ya vipande kadha wa kadha, na mahali palipolehemiwa palikuwa na ukungu wa kijani. Utando mwembamba ulio chini ya vitufe, ambao ndio upelekao habari ya kila kidole, ulivunjika kama jani kavu alipougusa. Kapasita zilikuwa zimekauka ndani. Taabu kubwa zaidi ilikuwa katika kumbukumbu. Kilobaiti 16 za mwanzo za mashine hii zimo katika chipu nane zinazohitaji umeme wa namna tatu: volti 5, volti 12, na volti 5 za hasi. Zile volti 5 za hasi zikikosekana, chipu huweza kuungua, wala aliyeziunguza haonekani. Fundi alipima kwa mita yake, akapima tena, akanyamaza muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya chipu moja akasema, "Huyu amekufa, lakini muuaji wake si huyu." Akamtafuta muuaji mpaka akamwona: transista ndogo katika sehemu inayozigawa zile volti. Nimesoma wahakiki wa vitabu wasiofika huko. Huona ubeti uliovunjika wakaulaumu, wasiulize ni mstari gani wa nyuma uliouvunja.

Kazi ilichukua majuma matano, maana utando mpya uliagizwa Uingereza, ambako wapo wanaoutengeneza hata leo. Kapasita zote zilibadilishwa. Kipande kinachopunguza umeme, ambacho tangu kiwandani kilikuwa kikichemka, kiliondolewa kikawekwa cha kisasa kisichopata joto. Njia ya zamani ya kuipeleka picha katika tundu la antena iliachwa, na fundi akavuta waya ili picha iende moja kwa moja katika televisheni za siku hizi. Programu, ambazo zamani zilisomwa kutoka kaseti kwa muda wa dakika tano hivi, sasa zinatoka katika simu yangu: simu inapiga ile sauti ya mkwaruzo kama ya panzi elfu, mashine inaisikiliza kwa sikio lake la zamani, na mistari ya rangi inacheza pembezoni mwa kioo. Haijui kwamba kaseti imekufa.

Je, huku ni kurejesha? Wapo watakaosema sivyo. Watasema kwamba kitu kilichorejeshwa ni kile kilichokuwa kama siku kilipotoka kiwandani, na kwamba fundi wangu amekitengeneza tu. Nakubali kwamba maneno haya mawili si mamoja. Mwenye kutengeneza anatazama kesho: kitu kitumike. Mwenye kurejesha anatazama jana: kitu kifanane. Lakini naona anayetazama jana peke yake huangukia kosa ambalo mwenzake halijui. Chukua mfano wa weupe. Makasha ya plastiki ya kompyuta nyingi za zamani hugeuka manjano kwa umri na mwanga. Tangu mwaka 2008 imeenea desturi ya kuyapaka haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile ing'arishayo nywele, na kuyaanika juani mpaka yawe meupe. Picha zake zapendeza mno. Ila umanjano mara nyingi hurudi, na ndani ya kasha lililong'aa kapasita zinaendelea kuvuja. Simlaumu mtu anayetaka kukiona kitu kama alivyokiona akiwa na miaka kumi. Hiyo ni haja ya moyo, na moyo hauhojiwi. Namlaumu anayeishia hapo akaita kazi yake imekamilika.

Kaskazini ya Diani, pale mto Mwachema unapoingia baharini, upo msikiti wa Kongo, wa mawe ya matumbawe, wenye umri wa mamia ya miaka, katikati ya mibuyu. Umetiwa chokaa na kukarabatiwa, na watu wanasali ndani yake mpaka leo. Huko Gede, karibu na Malindi, yapo magofu mazuri yanayotunzwa kwa uangalifu mkubwa, na wanafunzi hupelekwa kuyaona. Hakuna asaliye mle. Vyote viwili vyafaa kuwako. Lakini jengo linalotumika haliwezi kukataa chokaa mpya, na mwenye kuuhukumu msikiti wa Kongo kwa kanuni ya Gede atakuwa anawaomba waumini watoke nje ili ukuta ubaki kama ulivyo. Kompyuta ni kitu cha kutumika. Kapasita mpya ndiyo chokaa yake.

Hata hivyo nina ugomvi na fundi wangu. Nilipomwomba vile vipande vya zamani, hakuwa navyo. Kile kipunguza-umeme kilikuwa bado kizima, akakitia katika chaja ya mtu mwingine; vilivyobaki vilikwenda na taka. Wala hakuandika popote alichokibadilisha. Kwake yeye kazi ikishasema haihitaji maelezo. Mimi naona hapa ndipo wakusanyaji wanatushinda, kwa sababu wengi wao huandika kila waya waliougusa. Kosa la ukarabati haliko katika kitu kipya, bali katika kukificha, au kukisahau, ambako kwa atakayekuja baadaye ni mamoja. Atakayeufungua mkebe huu baada ya miaka mingine thelathini atadhani waya ule wa picha ulitoka Uingereza. Basi nimeandika karatasi, nikataja kila kipande na mwezi wake, nikaikunja nikaiweka ndani kabla ya kufunga skrubu. Fundi alinitazama kama mtu anayetia hirizi.

Zipo pia programu za kuiga, zinazoigeuza simu yako kuwa Spectrum bila kulehemu chochote. Nazisifu: ndizo zilizookoa maelfu ya programu ambazo kaseti zake zimeoza. Lakini hazina vitufe vya mpira, na vitufe vile ni nusu ya habari. Katika mashine hii ukibonyeza P mahali pa amri, halitokei P, linatokea neno zima PRINT. Mkono unajifunza sarufi kabla ya kichwa.

Na hapo ndipo naweka kipimo changu cha mwisho. Mashine hii haina hata swichi. Ukiichomeka, kioo kinakuwa cheupe, chini yake linaandikwa jina la kampuni na mwaka 1982, basi. Inangoja. Haikuletei wimbo wala habari wala picha ya mtu. Inangoja uiamuru kwa lugha ya BASIC. Watu wengi wanaorejesha mashine hizi hupakia mchezo wa zamani, wakacheza robo saa, wakaifunika kitambaa. Wameurejesha mchezo, hawajaurejesha ule ungojezi, nao ndio uliokuwa mgeni wakati ule na ndio uliopotea katika simu zetu.

Mjukuu wangu, aliye kidato cha pili, aliiuliza kwanza mchezo uko wapi. Nilimwambia haumo. Alikasirika kidogo, kisha akaketi. Siku ya tatu alikwisha kuifundisha kupiga hesabu ya nazi za bibi yake: idadi, bei ya moja, na faida baada ya kutoa nauli ya kwenda Ukunda. Alipokosea, mashine haikukubali mstari. Iliweka alama ya kuuliza ikimwekamweka mahali pa kosa, akatafuta mwenyewe. Saa mbili usiku stima ikakatika. Kumbukumbu ya mashine hii haidumu bila umeme, wala hatukuwa tumehifadhi kitu, na mistari yake yote 22 ikatoweka.

Sikumsikia akilalamika. Asubuhi nilimkuta barazani na daftari. Alikuwa ameiandika upya yote kwa kalamu, na mstari wa nauli ameurekebisha.