Mikono Inayosoma Umri wa Mbu

Mbu wawili wametua ukutani, chumba kimoja, usiku mmoja. Wote ni majike, wote ni anofelesi, wote wamefuata damu. Mmoja alitoka majini juzi. Mwenzake ana wiki mbili. Kwa macho hutawatofautisha. Lakini kwa mtoto aliyelala humo chumbani, wa juzi ni kero tu, na huyo mzee huenda amebeba malaria.

Mbu hazaliwi na malaria, huipata kwa mtu. Anapomnyonya mgonjwa, vimelea huingia tumboni mwake, huzaana, hujipenyeza hadi upande wa nje wa ukuta wa tumbo na kukua humo ndani ya vifuko vidogo. Vifuko vikipasuka, vimelea husambaa mwilini hadi kwenye tezi za mate, tayari kwa mtu mwingine. Safari hiyo huchukua takriban siku 10 hadi 14, kutegemea joto. Mbu wengi hufa kabla haijakamilika. Kwa hiyo mzigo wote wa malaria hubebwa na mbu wachache waliojaliwa maisha marefu, na anayetaka kujua kama kijiji kiko hatarini lazima aulize swali ambalo wengi wetu hatujawahi kuliuliza: mbu wa hapa wana umri gani?

Wapo watu wanaoweza kulijibu. Utawakuta Muheza na Amani mkoani Tanga, Ifakara kwenye bonde la Kilombero, na katika maabara nyingine za wadudu Afrika Mashariki. Wengi wao ni mafundi sanifu. Wanatumia hadubini, sindano mbili nyembamba, tone la maji, na mikono iliyozoezwa kwa miaka.

Kazi huanza kwa kuwapata mbu. Njia ya zamani, ambayo bado hutumiwa kupimia njia nyingine, ni mtu kuketi usiku akiwa ameacha miguu wazi, tochi mkononi na mrija wa kufyonzea mdomoni. Mbu akitua, humvuta kabla hajauma na kumtia kwenye kikombe cha karatasi chenye saa yake: wa saa moja usiku mbali, wa saa nane mbali. Watu wanaojitolea hivyo hupewa kinga dhidi ya malaria, na hukesha kwa zamu. Njia nyingine ni mtego wa taa unaotundikwa kando ya chandarua ambamo mtu amelala. Asubuhi vikombe hufika maabara, na hapo mbu hutambuliwa mmoja mmoja: dume kwa papasi zake zenye manyoya mengi, anofelesi kwa palpi zake ndefu kama domo lenyewe, kisha jamii kwa madoa ya mabawa na miguu. Aliyefanya kazi hii muda mrefu humtenga mbu wa jamii ya funestus na wa jamii ya gambiae kwa kutupa jicho mara moja. Bado ataendelea kuwatazama mmoja mmoja, kwa sababu daftari halipokei kubahatisha.

Ndipo hufuata upasuaji. Mbu aliyekwisha kufa hulazwa kwenye kioo cha slaidi. Sindano moja humshika kifuani. Nyingine hukata kidogo pande mbili za tumbo, karibu na ncha, kisha huivuta ile ncha polepole sana. Ukivuta kwa pupa, utumbo hukatika na kila kitu huvurugika. Ukivuta kwa subira, ovari mbili nyeupe hutoka nzima zikifuatana na ncha ya tumbo. Hutengwa, huwekwa kwenye tone la maji safi yaliyokenekwa, na kuachwa zikauke. Zikikauka, hewa iliyobaki ndani ya mirija ya kupumulia ya ovari hizo huifanya mirija hiyo ionekane myeusi chini ya hadubini, na mpasuaji huanza kuisoma.

Mbu ambaye hajawahi kutaga ana mirija ambayo ncha zake zimejiviringa kwa kubana, kama uzi mpya ambao haujafunguliwa kwenye kibonge chake. Mayai ya kwanza yanapokua, ovari hutanuka na kuinyoosha mirija hiyo, na ikishanyooka haijiviringi tena maishani. Hilo aliligundua mtaalamu wa Kisovieti Tatiana Detinova katika miaka ya 1940, na mwaka 1962 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kilichoisambaza njia hiyo ulimwenguni. Kwa kutazama mara moja, fundi anajua: huyu bado mwali, huyu ameshataga.

Kuna kiwango cha ustadi kinachopita hapo. Mtaalamu mwingine wa Kisovieti, V. P. Polovodova, alionyesha kwamba katika mkia wa kila kijinyuzi kinachotengeneza yai, kutaga huacha alama, kifundo kidogo. Vifundo viwili, ametaga mara mbili. Vitano, mara tano. Kuvihesabu, fundi lazima akichomoe kijinyuzi kimoja kutoka ovari mbichi, akinyooshe kwa ncha za sindano bila kukikata, na avisome vifundo kabla unyevu haujakauka. Wapasuaji wanaoiweza kazi hii vizuri ni wachache duniani. M. T. Gillies, aliyekuwa katika taasisi ya malaria ya Amani, na T. J. Wilkes waliifanya kwa mbu wa Muheza na kuchapisha matokeo mwaka 1965, na hadi leo utafiti wao hurejewa kila umri wa mbu wa Afrika unapojadiliwa. Wataalamu wamebishana kama vifundo husema kweli nyakati zote. Mabishano hayo nayo yamewalazimu wapasuaji kurudi kwenye hadubini na kutazama tena kwa makini zaidi.

Ukitaka kuona thamani ya jicho hilo, fanya hesabu. Tuseme jike huchukua siku 3 tangu anyonye damu hadi atage. Ukipasua mbu 100 na kukuta 73 wameshataga, maana yake ni kwamba katika kila mbu 10 wanaoamka wakiwa hai, 9 huiona kesho yake, kwa kuwa 0.9 ikizidishwa yenyewe mara tatu hutoa 0.73. Hesabu ya aina hii iliwekwa wazi na George Davidson mwaka 1954. Sasa ipeleke mbele hadi siku 12, muda wa vimelea kukomaa: kati ya mbu 100, 28 watakuwa bado hai. Hao 28 ndio wanaoweza kueneza malaria.

Sasa tuseme kijiji kimepata vyandarua vyenye dawa, na mpasuaji akirudi anakuta ni 34 tu kati ya 100 walioshataga. Kila siku wanaonusurika ni 7 kati ya 10. Hadi siku ya 12 atabaki mbu mmoja kati ya 100. Mbu hawajaisha, watu bado wanawasikia wakiimba masikioni na huenda wakalalamika kwamba chandarua hakisaidii. Lakini wanaofikia umri wa kuambukiza wameshuka kutoka 28 hadi mmoja. George Macdonald wa London alikuwa amekwisha kuonyesha katika miaka hiyohiyo ya 1950 kwamba kufupisha maisha ya mbu hupunguza malaria zaidi kuliko kupunguza idadi yao kwa kiwango hichohicho. Sehemu kubwa ya hekima ya vyandarua vyenye dawa na ya kupulizia dawa ukoko kwenye kuta za nyumba imesimama hapo. Mwaka 1991, S. M. Magesa na wenzake walipochapisha matokeo ya majaribio ya vyandarua wilayani Muheza, hawakuridhika na kuhesabu mbu tu. Walitazama pia urefu wa maisha ya mbu na vimelea walivyobeba, na vyote vilikuwa vimepungua.

Vimelea hivyo navyo vilitafutwa kwa mikono. Tezi za mate zimejificha kwenye kifua cha mbu, upande wa mbele, mbili, kila moja ikiwa na sehemu tatu. Fundi huvuta kichwa taratibu hadi tezi zifuate shingo, huzitenga, huzifunika kwa kioo chembamba na kukibonyeza kidogo ili zipasuke. Vimelea vikiwemo, vitaonekana vikielea kama nywele fupi zilizopinda. Hata penye malaria nyingi, katika mbu mia hupatikana wachache tu wenye vimelea. Anayefungua tezi tupu asubuhi nzima lazima aifungue ya tisini na tano kwa uangalifu uleule aliotumia kwa ya kwanza. Akichoka na kuandika sifuri asipoangalia, hakuna atakayejua, ila namba zitakazofika wizarani zitakuwa za uongo. Uaminifu huu usio na shahidi ndio ninaouheshimu kuliko ustadi wenyewe wa vidole.

Zana mpya zimekuja. Vipimo vya kemikali hutambua vimelea katika mbu wengi kwa wakati mmoja, na vipimo vya vinasaba hutenganisha gambiae na arabiensis, ndugu ambao hadubini haiwezi kuwatofautisha. Watafiti wa Ifakara na wenzao wa Glasgow wanamulika mbu kwa mionzi isiyoonekana na kuifundisha kompyuta kukisia umri na jamii yake. Ni kazi njema, na itaokoa muda mwingi. Lakini kompyuta nayo hufundishwa kwa mbu ambao umri au hali yao ilithibitishwa kwanza, na anayethibitisha mbu wa porini ni yuleyule aliyeinama juu ya hadubini. Mkono ukipotea, mashine haitakuwa na mwalimu wa kuisahihisha.

Na mkono huo uko hatarini kupotea. Ustadi wa kusoma vifundo haupatikani kwa kusoma kitabu. Hupatikana kwa kukaa kando ya anayejua, kuharibu ovari nyingi, na kurekebishwa. Wazee wengi waliojifunza hivyo wamestaafu, na majina yao mara nyingi yamebaki kwenye aya ya shukrani mwishoni mwa makala za wengine. Taasisi zetu za utafiti ziwaite wazee hao warudi kufundisha wakati bado wana macho na kumbukumbu. Vyuo vya afya viipe kazi hii saa zake kwenye ratiba na heshima yake kwenye vyeti. Na watafiti waandike jina la aliyepasua mbu pamoja na majina ya waandishi wa makala, kwa kuwa bila yeye wasingekuwa na cha kuandika.

Nawe msomaji, ukilala leo ndani ya chandarua chenye dawa na bado ukasikia mbu nje yake, usikiondoe. Yupo fundi aliyewafungua mbu kama huyo mmoja baada ya mwingine, na jibu alilolipata ni kwamba chandarua chako kinafanya kazi.