Majazi na Mama Mkwe: Jina Hutolewa na Nani?

Kila tunapohakiki hadithi darasani, majina ya wahusika hayatupiti. Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Tunaandika "majazi", tunapata alama zetu mbili, tunasonga mbele. Sina ugomvi na Shaaban Robert. Adili na Nduguze (1952) ni hadithi ya maadili, na majina yale yanafanya kazi yaliyotumwa. Ugomvi wangu ni na sisi wahakiki. Tumezoea kuuliza jina lina maana gani, tukasahau kuuliza limetolewa na nani, na nani alinyimwa nafasi ya kulitoa.

Swali hili sikulikuta maktabani, nililikuta nyumbani. Kaka yangu, Mkikuyu kama mimi, alioa Mjaluo. Binti wao wa kwanza alipozaliwa, mama hakuuliza ataitwa nani, alijua. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama, na wavulana vivyo hivyo kwa babu zao. Tena si jina tupu: baba mtu humwita bintiye huyo "mama".

Upande wa pili nao ulikuwa na neno. Mtoto alikuwa akilia usiku kucha, na mkwewe kaka akaota marehemu dada yake anaulizia jina lake. Kwa Wajaluo ndoto ya namna hiyo si mchezo. Jina kama Achieng' hueleza tu kwamba ulizaliwa jua likiwa juu. Jina la marehemu hueleza ni nani anayekumbukwa ndani yako.

Mama akawaka: "Ati mimi niko hai nangoja, aliyekufa ndiye anapewa?" Miezi mitatu hakukanyaga kwa mwanawe.

Sasa basi, Hasidi ni nani hapa? Hayupo. Kila mmoja anataka kitu kilekile: mtu wake asisahaulike. Huu ndio mgogoro ambao majazi, jinsi tunavyoyatumia, hayauoni.

Hebu tutazame Rosa Mistika (1971). Kezilahabi amempa msichana wa Ukerewe mojawapo ya sifa za Bikira Maria. Sisi, kwa kuwa Rosa anapotea na mwisho anajiua, tunaishia kusema "kejeli". Ni sawa, lakini haitoshi. Jina hilo ni dai pia: ni Kanisa linalodai mtoto ndani ya ukoo ambao ulikuwa na majina yake. Je, dai hilo lilimbana Rosa kiasi gani kabla hajafanya kosa lolote? Hapo uhakiki ndipo unapoanza.

Kuna mwenzangu aliyenipinga: mwandishi huwapa wahusika majina peke yake, ndani ya kitabu hakuna mkwe. Kweli. Lakini majina yenyewe huyaazima kwa jamii, na huko jina halina mwenyewe mmoja. Anapoliazima, huja na ugomvi wake.

Kwa kaka yangu yaliisha kwa mtoto kupewa majina yote mawili, la marehemu likitangulia. Mama alikubali shingo upande. Siku hizi kaka akiita "mama!" sebuleni, huitika wawili, mmoja wa miaka mitano na mmoja mwenye mvi. Mhakiki wa majazi angeandika nini hapo?