Prepo ya saa 9 usiku: nani aliidhinisha?

Shule moja ya bweni hapa Kigoma, wiki ya mtihani wa kidato cha nne, ilisogeza prepo hadi saa 9 usiku huku kengele ya kuamka ikibaki saa 11 alfajiri. Majaribio yao mafupi ya kila Ijumaa yalikuwa kazi safi. Uamuzi huo mmoja ukamwaga faida ya majaribio hayo.

Tuutazame usiku wenyewe. Saa 6 vichwa vinadondoka. Mwalimu wa zamu anapita na fimbo. Beseni la maji baridi linaletwa, miguu inatumbukizwa. Madaftari wazi, macho yamefumba. Hiyo ndiyo saa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu mpya, kuingia kazini: katika usingizi mzito huyarudia ya mchana, na mawimbi ya polepole husaidia kuyahamishia kwenye gamba la ubongo. Watafiti Wilson na McNaughton waliliona jambo hili kwa panya mwaka 1994: seli zilizowaka pamoja panya akizunguka, ziliwaka pamoja tena alipolala.

Watetezi wa prepo hiyo wanasema saa 2 zinatosha kwa kuwa usingizi mzito huja mwanzo. Hesabu mbovu! Mzunguko mmoja ni kama dakika 90, na usiku kamili una minne au mitano; watoto waliachiwa mmoja na kipande. Eti watafidia Jumamosi? Mwaka 2000 mtafiti Stickgold na wenzake waliwanyima watu usingizi usiku wa kwanza baada ya zoezi la kutofautisha maumbo kwa macho. Wakalala usiku mbili zilizofuata, na bado hawakuonyesha maendeleo. Hata wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wanaokesha na taa, mchana wanalala. Mtahiniwa asubuhi anasubiriwa na karatasi ya Baiolojia.

Walimu wa zamani wa vyuo vya Kurani vya Ujiji wasingefanya kosa hili. Aya mpya baada ya Magharibi, Isha, kulala, kisha alfajiri mtoto anasikilizwa kabla ya kuongezewa nyingine. Watafiti Jenkins na Dallenbach, kule Marekani, walikuja kulipima jambo hilo mwaka 1924: mtu yuleyule alikumbuka zaidi akilala kuliko akikaa macho.

Wakuu wa shule, wiki ya mtihani kengele ya kulala ilie saa 4 usiku. Anayependa kukesha akeshe ofisini, akisahihisha.