Mswada wa Habari na Simulizi ya Vita

Mhakiki aliyezoea kutenga fasihi simulizi na fasihi andishi atatatizika mbele ya nyaraka za aina mbili zipatikanazo katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha North Texas, Marekani. Kwanza ni miswada ya habari ya WBAP-TV ya Fort Worth, kituo cha televisheni kilichoanza mwaka 1948. Pili ni mahojiano ya wapiganaji wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, yaliyokusanywa na jumba la makumbusho la Fredericksburg, Texas.

Mswada uliandikwa ili usomwe kwa sauti. Sauti ikapita, karatasi ikabaki. Mahojiano yalitamkwa, kisha yakanakiliwa. Tena, mwandishi wa habari za tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Kennedy, hakujua mwisho wa kisa. Mzee asimuliaye vita anaujua, na kwa mwisho huo hupanga mwanzo. Basi si haki kusahihisha kimoja kwa kingine. Kila kimoja kihukumiwe kwa kanuni zake.

Jambo hili latuhusu. Askari wa Afrika ya Mashariki walipigana Burma mwaka 1944, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za kambi zao. Waruhiu Itote alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1967, lakini kwa Kiingereza. Wengi hawakuandika neno. Palipo na ukanda wa sauti zao, nakala isiyo na ukanda haitoshi: itahifadhi habari, na kuipoteza lugha yenyewe.