Mzizi Mfu na Kiambishi Hai: Uhakiki wa Mbinu Moja ya Kufundisha Msamiati

Miongoni mwa mbinu zinazosifiwa katika ufundishaji wa msamiati wa Kiingereza ni ile ya kumkaririsha mwanafunzi mizizi ya Kilatini na Kiyunani. Akishajua kwamba 'tele' ni mbali, 'graph' ni kuandika na 'port' ni kubeba, yadaiwa kuwa amekabidhiwa ufunguo wa maelfu ya maneno. Dai hili lina ukweli wake, kwani sehemu kubwa ya istilahi za sayansi, sheria na utabibu katika Kiingereza imetoka katika lugha hizo mbili. Lakini mbinu yenyewe ilikomaa katika shule za Ulaya ambako Kilatini kilikuwa somo kamili. Inapohamishiwa katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kama vile Kaloleni, Makongeni, Jericho na Buru Buru, haina budi kupimwa upya kwa kuzingatia lugha alizo nazo mtoto wa huko.

Kasoro yake ya kwanza ni kuchanganya asili ya neno na maana yake. Mfano ulio karibu ni neno 'matatu'. Inavyosimuliwa, jina hilo lilitokana na nauli ya zamani, sarafu tatu za senti kumi kumi, na magari hayo yalikuwa yakibeba abiria kwa muda mrefu kabla ya Rais Jomo Kenyatta kuyaruhusu rasmi mwaka 1973. Leo abiria husema 'matatu moja' na 'matatu imejaa'. Kiambishi 'ma-' kimepoteza kazi yake ya wingi, na mzizi '-tatu' umepoteza hesabu yake. Mgeni atakayefundishwa mzizi huo pekee atakuwa amepata historia ya kweli na maana ya uongo.

Kiingereza nacho hakijasalimika. Neno 'bus' lilikatwa kutoka 'omnibus', neno la Kilatini lenye maana ya 'kwa wote'. Kilichotupwa ni mzizi wenye maana ya 'wote'. Kilichobaki ni kipande cha tamati ya kisarufi tu, nacho ndicho kilichofika Afrika Mashariki kikawa 'basi' na 'mabasi'. Hatari huzidi pale mizizi miwili inapofanana kwa sura. Mwanafunzi aliyekaririshwa kuwa 'ped' ni mguu, kama katika 'pedal' na 'pedestrian', atafanya nini akikutana na 'pedagogy', ambamo sehemu hiyo imetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya mtoto? Orodha haimwonyi.

Kiswahili chenyewe chatoa kipimo kizuri cha jambo hili. Maneno 'hukumu', 'hakimu', 'mahakama' na 'hekima' yana konsonanti zile zile tatu za asili ya Kiarabu, na msemaji makini hutambua kuwa ni ya ukoo mmoja. Hata hivyo, msemaji huyo haundi neno jipya kwa kubadili irabu katikati ya konsonanti hizo. Akihitaji neno, hutumia viambishi vya Kibantu na kupata 'hukumiwa' au 'mhukumiwa'. Mzizi wa kigeni humsaidia kutambua. Viambishi vya lugha ndivyo vimwezeshavyo kuunda. Mizizi ya Kiyunani iko katika hali iyo hiyo kwa mtumiaji wa kawaida wa Kiingereza, na mbinu inayohakikiwa hapa haitenganishi kazi hizo mbili.

Uwezo wa kuunda haukosekani Eastlands. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya mwaka 1997, waliihusisha Sheng na mitaa hiyo, wakaitofautisha na Engsh ya vijana wa mitaa ya kitajiri. Sheng huchukua 'dish' ya Kiingereza, yaani sahani, ikaifanya kitenzi cha kula: 'kudish', 'ninadish', 'wamedish'. Vivyo hivyo, 'father', 'mother' na 'brother' zimekuwa 'fathee', 'mathee' na 'brathee'. Katika maneno hayo matatu sehemu ya '-er' si kiambishi cha mtenda kama ilivyo katika 'teacher'. Vijana wameiona sura inayojirudia, wakaikata na kuweka nyingine. Hawakuuliza asili ya neno. Wamechambua umbo lake, tena kwa utaratibu.

Walimu wengi hulalamika kuwa Sheng huharibu insha, na insha ya mtihani hakika si mahali pake. Lakini kukataza matumizi fulani si sawa na kukana ujuzi ulioyazaa. Tangu mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la mtihani katika shule za msingi. Kwa hiyo mtoto hufundishwa katika kipindi kimoja jinsi 'fundisha' inavyozaa 'mfundishaji', na katika kipindi kingine hukutana na 'teach' na 'teacher' kana kwamba ni jambo geni.

Hapo ndipo ufundishaji ungepaswa kuanzia. Viambishi vilivyo hai, kama 'un-', 're-', '-er' na '-ness', vitangulie, vikilinganishwa na vile vya Kiswahili, bila ya kujali kama asili yake ni Kilatini au Kijerumani cha kale. Mizizi ya Kiyunani ingojee masomo yanayoihitaji: mwanafunzi wa biolojia atafaidika kujua kuwa 'photo' ni nuru. Kuitanguliza ni kumfanya mtoto wa Eastlands aonekane maskini wa maneno, ilhali anachokosa ni mwalimu wa kumwonyesha kuwa kazi anayoifanya kila siku mtaani ndiyo hiyo hiyo anayotakiwa kuifanya darasani.