Ustadi wa Kuiandika Familia

Ziko kazi ambazo uzuri wake hauonekani mpaka mtu akae nazo kwa muda. Mojawapo ni ya kuandika taarifa za familia zinazotaka kuasili watoto: umri wa waombaji, hali yao ya ndoa, asili yao, undugu wao na mtoto kama upo, na watu wanaoishi nao nyumbani. Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Marekani, kwa sababu huko kanuni za kazi hii zimeandikwa na kurekebishwa hadharani kwa zaidi ya miaka thelathini, na msomaji mvumilivu anaweza kufuatilia jinsi mafundi wake walivyozidi kuijua kazi yao.

Mfumo wa serikali kuu wa kukusanya taarifa hizo hujulikana kwa ufupi kama AFCARS. Sheria iliyouagiza ilipitishwa mwaka 1986, kanuni zake zikatoka Desemba 1993, na majimbo yakaanza kukusanya taarifa Oktoba 1994. Mara mbili kwa mwaka kila jimbo hupeleka serikali kuu taarifa za watoto mmoja mmoja, bila majina, kila mtoto akitambulishwa kwa namba ya siri. Katika mwaka wa fedha wa 2022, zaidi ya watoto 53,000 waliasiliwa kutoka mikononi mwa idara za ustawi, na wengine zaidi ya 108,000 walihesabiwa kuwa bado wanasubiri. Kosa dogo katika kujaza fomu, likirudiwa mara elfu, hugeuka kuwa sera mbaya kwa watoto wengi kiasi hicho.

Tazama kwanza namna wanavyoandika jibu ambalo halikupatikana. Katika kipengele cha asili, kanuni za 1993 ziliweka chaguo moja tu kwa asili isiyoweza kubainishwa. Chaguo hilo lilimbeba mtoto mchanga asiye na wa kumsemea, likambeba pia mtoto ambaye jamaa zake walikataa kujibu. Hali mbili zisizofanana zikalazwa chini ya alama moja. Kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 2022 zilizitenganisha: asiyejulikana ana mahali pake, mtoto aliyetelekezwa ana pake, na aliyekataa kusema ana pake. Kwa watu wazima nao, kutojua kumetengwa na kukataa.

Mimi huona katika utengano huo ustadi mkubwa. Msimamizi akikuta safu imejaa "haijulikani", anajua kwamba pengine maofisa wake hawaulizi, na dawa yake ni mafunzo. Akikuta imejaa "amekataa", anajua kwamba watu wanaulizwa lakini hawaiamini ofisi, na dawa yake ni nyingine kabisa. Zamani asingeweza kutofautisha maradhi hayo mawili. Aliyebuni visanduku hivyo aliwafikiria watu watakaokuja kuisoma fomu baada ya miaka, akawaachia kimya kinachosomeka.

Kuna pia adabu ya kuuliza. Tangu mwongozo wa takwimu wa serikali kuu wa mwaka 1997, mtu anaruhusiwa kuchagua asili zaidi ya moja, na inapendelewa ajieleze mwenyewe kuliko karani kukisia kwa kumtazama. Machi 2024 mwongozo huo ulirekebishwa tena: swali la asili ya Kihispania, lililokuwa likiulizwa peke yake, likaunganishwa na lile la asili kwa jumla, na watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini wakapewa kundi lao. Kila rekebisho linamdai afisa ajifunze upya kusema na watu, maana swali la asili, likiulizwa vibaya sebuleni mwa mtu, linaweza kufunga mazungumzo yote yanayofuata.

Hata hivyo kisanduku kina mwisho wake. Fikiria familia ya Wakongo inayozungumza Kiswahili nyumbani, iliyofika Kentucky kama wakimbizi, na familia nyingine ambayo mababu zake wameishi Alabama tangu enzi za utumwa. Zote mbili zitatiwa alama ya watu weusi, na zote mbili zitakuwa zimesema kweli. Lakini kwa mtoto asiyejua lugha nyingine ila Kiswahili, familia hizo hazilingani hata kidogo. Afisa hodari hulijua hilo, naye huandika katika ripoti ya ukaguzi wa nyumba lugha inayosemwa mezani, dini, wazee wanaoishi humo, na shule zilizo karibu. Takwimu humwonyesha wapi pa kutafuta. Kuchagua kunahitaji maelezo marefu yaliyoandikwa kwa makini.

Kwa watoto wa mataifa ya Wahindi Wekundu usahihi unakuwa suala la sheria. Sheria ya mwaka 1978 kuhusu ustawi wa watoto hao inataka mtoto anayeasiliwa atafutiwe kwanza ndugu wa ukoo wake, kisha watu wengine wa taifa lake, kisha familia nyingine za Wahindi Wekundu. Uanachama katika taifa kama la Wacherokee ni uraia, nao hautambuliwi kwa kutia alama kwenye kisanduku cha asili. Mtu anaweza kuwa na asili hiyo bila kuandikishwa katika taifa lolote. Ndiyo maana fomu nzuri huuliza mambo hayo mawili mbalimbali. Vipengele vingi vilivyohusu sheria hiyo viliingizwa katika AFCARS mwaka 2016, vikaondolewa 2020, na kurejeshwa kwa kanuni ya Desemba 2024.

Sheria nyingine, ya mwaka 1994, iliyorekebishwa 1996, inaeleza kwa nini taarifa za familia ni muhimu hivi. Inakataza kumchelewesha mtoto au kumnyima familia kwa sababu ya rangi au asili. Papo hapo inayataka majimbo yafanye bidii kutafuta familia zinazofanana, kwa mchanganyiko wake, na watoto wanaozihitaji. Jimbo litajuaje kwamba limefanya bidii kama halijui ni nani waliokuja kuomba? Takwimu hapa zina kazi ya kupanua mlango, na haziruhusiwi kutumika kumfungia mtu.

Hapo ndipo penye pengo kubwa la kazi hii. AFCARS humfuata mtoto. Mzazi anayeasili huingia humo kwa kupitia mtoto aliyempata. Familia iliyopiga simu, ikahudhuria kikao cha maelezo, ikaanza mafunzo, kisha ikapotea, haimo. Ni sawa na mvuvi kuhesabu samaki waliomo chomboni bila kukagua wavu ulipotoboka. Idara zilizo makini huandika tarehe ya kila hatua: simu ya kwanza, kikao, mafunzo, ukaguzi wa nyumba, kibali, kukutanishwa na mtoto. Tarehe hizo zikiwekwa pamoja na umri, asili, lugha na kipato cha waombaji, tobo huonekana. Ikiwa waombaji wa kundi fulani wanaishia kwenye mafunzo, huenda yanafanyika saa za kazi, au kwa lugha wasiyoimudu. Mambo hayo yanarekebishika mara tu yakijulikana.

Ustadi wa mwisho ni kiasi. Kanuni za 1993 ziliomba mwaka wa kuzaliwa wa mzazi anayeasili, wala hazikuhitaji tarehe kamili, kwa sababu mwaka unatosha kupima umri. Kanuni za 2016 zilifikisha vipengele takriban 270, zile za 2020 zikavipunguza hadi takriban 180. Mtu anaweza kubishana, nami ningebishana, kuhusu baadhi ya vilivyokatwa. Lakini kila swali jipya linamlazimu mwombaji kufunua jambo la maisha yake, na linamlia afisa dakika alizokusudia kumtembelea mtoto. Swali lisilo na matumizi halistahili kuulizwa.

Ninatamani hatua inayofuata iwe kuziandika familia tangu simu ya kwanza, kwa fasili zilezile katika kila jimbo, na kutangaza kila mwaka ni ngapi zilikuja na ziliishia wapi. Kanuni za mwaka 2016 kuhusu mifumo ya kompyuta ya majimbo, iitwayo CCWIS, tayari zinataka kila jimbo linaloitumia liwe na mpango wa kulinda ubora wa taarifa, kwa hiyo msingi upo. Kinachohitajika zaidi ni kuwapa maofisa muda. Aliyelemewa na majalada atatia alama popote ili amalize. Aliyepewa nafasi ataketi na waombaji, atauliza kwa heshima, ataandika walichosema, na watoto wanaosubiri watatafutiwa wazazi kwa kutumia ukweli.