Hongera, CR
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina maprofesa wake na DARUSO, jumuiya yake ya wanafunzi, lakini anayejua kwamba kipindi cha saa moja asubuhi kimehamishiwa kumbi za Yombo ni CR. Mwakilishi huyu wa darasa hana mshahara. Bando la kutuma matangazo hulitoa kwenye bumu lake, yaani pesa yake ya kujikimu, kisha hubisha hodi kwa mhadhiri kuomba testi isogezwe, maana tatu zimeangukia siku moja. Hapo ndipo pagumu: kufikisha lalamiko la darasa zima bila kumuudhi mtu atakayesahihisha mtihani wake yeye. Ustadi huo hufundishwa. Nawapongeza basi wahadhiri wanaomkaribisha kiti, wakamwonyesha namna hoja inavyopangwa na barua inavyomfikia mkuu wa idara. Wengine humtuma projekta tu, utadhani tarishi. Na darasa lenyewe, testi ikishasogezwa, huuliza: “CR, slaidi ziko wapi?”